Kabla ya kuwasha turbini: jinsi mabomba makubwa ya oili yanavyosukutuliwa

Mabomba ya oili ya mtambo mpya ni machafu kuliko ya mtambo uliofanya kazi miaka kumi. Ule wa zamani umeshachuja oili yake maelfu ya mara. Huu mpya umetoka juzi mikononi mwa wachomeleaji, vipande vyake vimelala uwanjani miezi kadhaa vikinyeshewa na kupigwa vumbi, na ndani mwake kuna kila kilichobaki katika ujenzi. Ndiyo maana turbini, iwe ya mvuke kule Olkaria nchini Kenya au ya maji pale Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, haizungushwi kwanza. Oili husukumwa mabombani mfululizo kwa siku kadhaa, pengine wiki, ikitoka tangini na kurudi tangini, hadi mabomba yatakate. Mafundi husema wanaflashi. Mimi nitasema kusukutua.

Ukiitazama kwa mbali, kazi yenyewe ni nyepesi: jaza tangi, washa pampu, subiri. Kwenye mabomba membamba haiko mbali sana na hivyo. Shida huanza bomba linapofika inchi nane au zaidi, kwa sababu hapo kuna hesabu moja inayotumika kila mahali ambayo itakupa jibu zuri kwenye karatasi huku bomba likibaki na uchafu wake.

Uchafu wenyewe

Turbini kubwa haikai juu ya gololi. Shafti yake inaelea juu ya utando wa oili ndani ya beringi zilizotandikwa aloi laini ya bati. Kwa umeme wa hezi 50, turbini ya mvuke iliyofungwa na jenereta ya ncha mbili za sumaku huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na kinachotenganisha chuma kinachozunguka na kilichotulia ni utando ambao mahali pembamba kabisa hupimwa kwa makumi ya maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Unywele wa mtu una kama maikroni 70. Jicho zuri, kwenye mwanga wa kutosha, huanza kuona chembe zinapofika maikroni 40 hivi. Maana yake ni kwamba chembe ngumu inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutoonekana, na bado ikawa kubwa ya kutosha kuchimba mfereji kwenye beringi.

Hatari huzidi mtambo unapoanza au kusimama. Shafti ikizunguka polepole utando huwa mwembamba zaidi, na chembe ambayo ingepita bila madhara kwenye mwendo kamili hunaswa, ikazama kwenye aloi laini na kubaki humo ikiikwaruza shafti kila mzunguko. Upande wa udhibiti una tatizo lake. Kwenye turbini za maji, oili yenye presha ndiyo inayosukuma vilango vinavyopima maji yanayoingia kwenye gurudumu. Vali za kuiongoza oili hiyo zina nafasi finyu sana ndani, na chembe moja yaweza kuifanya vali ishikwe katikati ya safari.

Uchafu huu unatoka wapi? Kwa kiasi kikubwa unatoka kwenye uchomeleaji: magamba, matone ya chuma yaliyoruka, unga wa jiwe la grainda. Kuna ganda jeusi ambalo chuma huvaa kiwandani kikiwa cha moto. Kuna kutu, na kwenye miradi iliyo karibu na bahari, Dar es Salaam au Tanga, bomba la chuma cha kawaida lililoachwa wazi huota kutu upesi kwa unyevu na chumvi. Kuna nyuzi za matambara, vipande vya gasketi, mchanga, na wadudu waliohamia ndani kwa sababu mtu alisahau kurudisha kifuniko. Halafu kuna maji yaliyobaki baada ya jaribio la presha, ambayo kwa maoni yangu hayakupaswa kuingizwa humo tangu mwanzo.

Sehemu kubwa ya usafi huamuliwa kabla oili haijaingia. Bomba la chuma kisichoshika kutu hupunguza nusu ya maumivu. Kama ni chuma cha kawaida, huoshwa kwa tindikali, tindikali ikazimuliwa, bomba likakaushwa na kupakwa oili upesi kabla kutu haijarudi. Mshono wa kwanza wa uchomeleaji hufanywa kwa njia ya gesi ya argoni ili usiache magamba ndani. Kisha bomba hufungwa ncha zote mbili, na hufungwa kwelikweli, siyo kwa kipande cha turubai na waya. Msimamizi anayebana matumizi hapa atayalipa baadaye kwa siku za kusukutua, na siku moja ya turbini iliyosimama ni ghali kuliko vifuniko vyote vya mradi.

Namba ya Reynolds na mtego wake

Mwaka 1883, huko Manchester, Osborne Reynolds alipitisha maji kwenye bomba la kioo na kudondoshea rangi katikati yake. Maji yalipokwenda polepole rangi ilinyooka kama uzi. Alipoongeza kasi ikafika mahali uzi ukavurugika na rangi ikajaa bomba zima. Kutokana na kazi yake tuna namba inayoitwa kwa jina lake: kasi mara kipenyo cha bomba, gawanya kwa mnato wa kimiminika. Chini ya 2,000 hivi mtiririko ni tulivu, tabaka juu ya tabaka. Ukivuka 4,000 umekuwa wa msukosuko.

Kusukutua kunahitaji msukosuko, kwa sababu mtiririko tulivu huteleza juu ya uchafu bila kuung'oa. Hivyo hati nyingi za miradi huandika sharti moja: namba ya Reynolds izidi 4,000. Fundi anapiga hesabu, anapata 4,200, anatia sahihi.

Tuipige nasi. Chukua oili ya daraja la ISO VG 46, iliyo ya kawaida kwenye turbini. Ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi mnato wake ni kama sentistoku 100. Ukiipasha hadi nyuzi 65 unashuka hadi 17 hivi. Kwenye bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 200, kufikia 4,000 kwa oili baridi kunadai kasi ya mita 2 kwa sekunde, yaani lita 3,770 kwa dakika. Kwa oili ya moto inatosha mita 0.34 kwa sekunde, lita 640 kwa dakika. Kupasha oili kumepunguza kazi ya pampu mara sita. Hapo kila mtu hufurahi.

Lakini mita 0.34 kwa sekunde ni robo ya mwendo wa mtu anayetembea. Chuma ni kizito karibu mara tisa kuliko oili. Punje ya chuma iliyolala chini ya bomba pana haitashtuka kwa mwendo huo, achilia mbali kupandishwa kwenye bomba lililosimama wima.

Linganisha na bomba jembamba la milimita 25. Ili lipate namba ileile ya 4,000 kwa oili ileile ya moto, kasi lazima ifike mita 2.7 kwa sekunde. Namba moja, kasi mbili zilizoachana mara nane. Kipenyo kikiwa kikubwa ndicho kinachoibeba namba, na kasi inabaki nyuma. Mto nao hufanya hivyohivyo: unapopita kwenye korongo hubeba mchanga na mawe, ukifika deltani ukatanuka, unautua mzigo wake, ingawa maji ni yaleyale.

Kuna jambo la pili ambalo kwa kweli ndilo kiini. Hata kwenye mtiririko wa msukosuko, oili inayogusa ukuta wa bomba haisukiki. Kuna utando wa utulivu uliong'ang'ania chuma, na uchafu unakaa humo humo. Kwenye bomba letu la milimita 200, namba ikiwa 4,000, utando huo una unene wa kama milimita 3.5. Tone la uchomeleaji la milimita moja limejificha ndani yake lote, na msukosuko unapita juu. Ukipandisha kasi hadi mita 3 kwa sekunde, utando unapungua hadi nusu milimita, na nguvu ya oili kukwangua ukuta inaongezeka zaidi ya mara arobaini. Namba ya Reynolds hapo imefika 35,000. Kwa hiyo kwenye bomba kubwa sharti la 4,000 ni kizingiti cha mlango tu. Sharti la maana ni kasi, na wengi wenye uzoefu hutaka mita 2 hadi 3 kwa sekunde au zaidi, kiasi kinachozidi mara mbili au tatu mtiririko wa kawaida wa mtambo.

Pampu isiyo ya nyumbani

Mita 3 kwa sekunde kwenye bomba hilo ni lita 5,650 kwa dakika. Pampu za mtambo wenyewe hazikununuliwa kwa kazi hiyo. Zimepimwa kulisha beringi kwa utulivu, kupitia matundu madogo ya kupimia, na mbunifu alichagua mabomba mapana kwa makusudi ili oili isikimbie. Kutegemea pampu za mtambo kusukutua mabomba yake makubwa ni kosa ninaloliona limeandikwa hata kwenye ratiba za miradi mikubwa, kwa hoja kwamba tayari zipo na zimelipiwa.

Suluhisho huwa pampu ya kukodi iliyofungwa juu ya fremu pamoja na hita na filta zake. Cha ajabu ni kwamba haihitaji presha kubwa. Katika mita 100 za bomba la milimita 200 lililonyooka, oili ya moto ikienda mita 3 kwa sekunde, msuguano unakula chini ya nusu bar. Kinachotakiwa ni ujazo. Presha inaliwa kwingine: kwenye mipira ya muda.

Mipira hiyo inahitajika kwa sababu oili ya kusukutua haipaswi kupita kwenye beringi wala kwenye vali za udhibiti, la sivyo uchafu wote unaong'olewa utapelekwa palepale tunapopakinga. Kila beringi hurukwa kwa mpira unaounganisha bomba la kuingia na la kutoka. Matundu ya kupimia hutolewa, vali za kuzuia kurudi hutolewa matumbo, kipozea hutengwa na kusukutuliwa peke yake. Sasa mtu akileta mpira wa milimita 75 wenye urefu wa mita 20 na kuufunga kwenye mzunguko wetu wa lita 5,650, oili itapaswa kupita humo kwa zaidi ya mita 21 kwa sekunde, na mpira huo mmoja utadai zaidi ya bar 9. Pampu haitazitoa. Mtiririko utaanguka, na bomba kubwa litarudi kwenye usingizi wake bila yeyote kujua, kwa kuwa saa ya presha kwenye pampu itaonyesha kazi inaendelea vizuri. Ndiyo maana unapimwa mtiririko wenyewe, kwa mita, katika kila mzunguko.

Mfumo mzima hausukutuliwi kwa mkupuo. Oili hufuata njia rahisi, hivyo ukifungua matawi yote, tawi pana litakunywa lote na mengine yatabaki na mchirizi. Unaugawa mfumo katika mizunguko, unaelekeza pampu nzima kwenye mmoja, unaumaliza, unahamia mwingine. Huanzwa na bomba kuu, ili uchafu wake usije ukaingia kwenye matawi yaliyokwisha safishwa.

Mabomba ya kurudishia oili tangini yana tabia yao. Yamejengwa kwa mteremko na kwa makusudi hayajai: oili hushuka chini, hewa na povu hupita juu. Maana yake ni kwamba nusu ya juu ya bomba haiguswi na oili hata kidogo, na hapo kasi unayoisoma kwenye mita haina maana. Unaweza kuyajaza kwa muda kwa kubana mwisho wake, kama viunganisho vyake vinavumilia. Mara nyingi, lakini, njia ya uhakika ni ya zamani: yafungue, yaoshe kwa maji ya presha kubwa au yasuguliwe, yakaushwe, mtu achungulie kwa kamera kabla ya kuyafunga. Hakuna aibu katika kusafisha kwa mkono kile ambacho oili haitakifikia.

Tangi, rafiki asiyeaminika

Tangi la oili lina kazi ya kuipumzisha oili. Chukua tangi la lita 12,000 linalolisha mtambo lita 1,500 kwa dakika: kila tone linakaa humo dakika 8, muda wa kutosha hewa kupanda juu na maji na takataka nzito kutua chini. Tunapousukutua mfumo kwa lita 5,650 kwa dakika, mapumziko hayo yanakuwa dakika 2. Hewa haiwahi kutoka. Povu linavutwa na pampu, pampu inaanza kunguruma kana kwamba imemeza kokoto, na kwenye mdomo wa kufyonzea panafanyika kisulisuli kinachovuta hewa zaidi.

Kibaya zaidi, oili ikirudi moja kwa moja tangini, tangi linakuwa ghala la kila kilichong'olewa. Unasafisha mabomba na kulichafua tangi, kisha unalitumia tangi hilo kuyasukutua mabomba. Filta inayopaswa kukamata uchafu lazima ikae kwenye njia ya kurudi, kabla ya tangi, na iwe na uwezo wa kupitisha mtiririko wote. Filta ya pembeni inayochuja sehemu ndogo ya oili ni nyongeza nzuri, haiwezi kuwa ndiyo yenyewe.

Joto nalo lina gharama zake. Kupasha lita 12,000 kutoka nyuzi 25 hadi 65 kunameza karibu kilowati-saa 230. Hita ya kilowati 50 itachukua kama saa tano, bila kuhesabu joto linalopotea kwenye mabomba yasiyofunikwa. Hita kali zaidi inakujia na kishawishi, lakini ikiwa uso wake ni mdogo na wa moto mno oili itaungua palepale na kuacha masizi, ukawa umetengeneza uchafu mpya. Oili ikishapata joto, huachwa ipoe na kupashwa tena mara kadhaa. Chuma na ganda lililokigandia havitanuki sawa, na kupanda na kushuka huko kunalipasua ganda. Wakati huohuo watu hupita na nyundo za mbao au mpira wakigonga viwiko na maungio ya kuchomelea, au hufunga vitikisaji. Ninajua inaonekana ushamba mbele ya mitambo ya mamilioni ya dola. Inafanya kazi.

Lini useme imetosha

Siku za mwanzo huhitaji vipimo vyepesi. Chujio la waya la mesh 100, lenye matundu ya kama maikroni 150, huwekwa kwenye njia ya kurudi, likatolewa kila baada ya saa chache na kutazamwa. Mwanzoni utaona matone ya chuma, kutu na nyuzi. Chembe ngumu zikiisha kuonekana, ndipo chupa za sampuli zinaanza kwenda kwenye mashine ya kuhesabu kwa leza.

Matokeo huandikwa kwa mfumo wa ISO 4406, namba tatu kama 16/14/11. Zinahesabu chembe katika mililita moja ya oili: ya kwanza zile zinazozidi maikroni 4, ya pili zinazozidi 6, ya tatu zinazozidi 14. Namba 16 ni kati ya chembe 320 na 640, 14 ni kati ya 80 na 160, na 11 ni kati ya 10 na 20. Kila unapopanda namba moja, uchafu umeongezeka maradufu. Hivyo anayebishana kwamba 18 iko karibu na 16 anabishania uchafu mara nne.

Ila sampuli inadanganya kwa urahisi. Ikichotwa chini ya tangi itakuwa chafu kupita ukweli, ikichotwa mara baada ya filta itakuwa safi kupita ukweli. Mahali pake ni kwenye bomba la kurudi, kabla ya filta, oili ikiwa katika mwendo na msukosuko. Viputo vya hewa na matone ya maji navyo huhesabiwa na leza kama chembe. Na zaidi ya yote, sampuli inapima oili, haipimi bomba. Kwa kasi ndogo, oili itachujwa ikawa safi kabisa huku uchafu umelala ukutani. Kipimo cha usafi kina maana pale tu kinapoambatana na kumbukumbu ya mtiririko na joto la saa zilezile. Karatasi ya 16/14/11 isiyo na karatasi hizo mbili ningeirudisha.

Kazi ikikubaliwa, inabaki sehemu inayoharibu mengi: kurudisha vitu mahali pake. Kila mpira unaofunguliwa ni mlango wa vumbi. Mizunguko hufunguliwa mmoja mmoja, ncha zikifunikwa papo hapo, na hakuna kukata wala kusaga chuma karibu. Tangi hutolewa oili likafutwa kwa vitambaa visivyoacha nyuzi. Baadhi ya mafundi humalizia kwa donge la unga wa ngano uliokandwa, wakiligandamiza sakafuni na kwenye kona, nalo hunyanyua chembe ambazo kitambaa kingezisukuma tu. Filta za muda hutolewa, za kudumu zinaingia, na oili mpya hupitishwa kwenye filta inapojazwa, maana oili ya kwenye pipa haiji ikiwa safi kwa kiwango cha turbini.

Kisha oili hupitishwa kwenye beringi zenyewe kwa saa kadhaa, kukiwa na chujio laini kwenye mlango wa kila beringi, shafti ikiwa haizunguki. Machujio hayo hukaguliwa na kutolewa, na hapo ndipo shafti huanza kuzungushwa polepole kwa mota yake ndogo. Usiku huo cha kutazamwa ni tofauti ya presha kati ya pande mbili za filta kuu. Ikipanda mbio katika saa za kwanza, mzunguko unasimamishwa, filta inatolewa na kupasuliwa mezani ionekane imekamata nini: magamba ya uchomeleaji yatakurudisha kwenye mzunguko uliosukutuliwa vibaya, nyuzi na mchanga zitakurudisha kwenye siku ya kufungua mipira.